Mabwawa Mawili na Mkwe Mmoja

Nianze na hasira, maana hata safari yenyewe ilianza na hasira. Likizo ya Agosti mwaka jana nilipeleka familia yangu kwenye hoteli mbili za michezo ya watoto, moja ya upande wa Kitale na nyingine ya Bungoma, zote kwa wiki moja. Nikisimulia, watu hunikatiza: "Wee! Hoteli mbili? Kweli wengine wamebarikiwa." Kubarikiwa gani? Hatukwenda mbili kwa ajili ya raha. Tulikwenda mbili kwa sababu mume wangu na mama yangu hawawezi kuwa mahali pamoja. Na si kwamba wamekosana, la. Wanapendana sana, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Hawashikani mikono, hawali meza moja. Wakikutana kijiani, mmoja anaingia kwenye mahindi ya watu mpaka mwenzake apite. Kuna sherehe ndogo ya kulegeza jambo hilo, blanketi kwa mama mkwe mbele ya wazee wachache tu, lakini kila Disemba huko Bumula kwa kina mume wangu hutokea sababu ya kuiahirisha. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yetu mume wangu ameuona mgongo wa mama ukipotelea nyuma ya jikoni, basi. Lakini kwa simu! Kwa simu ungedhani walisoma darasa moja. Anampigia kijijini kwake, Kwanza, asubuhi na mapema: "Mama, mvua imefika huko Kwanza? Mama, wale viwavi wamerudi?" Mama anacheka, anamwita "mwanangu", anamtumia jogoo kupitia kwangu, na bwana huyo anamtafuna jogoo mpaka kisigino. Siku moja nikamuuliza inakuwaje simu iruhusiwe. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji hulowesha.

"Kwa simu hatuonani," akasema. "Haya iko kwa macho."

Nikasonya, nikaenda zangu kuosha vyombo.

Sasa mama akaanza kupoteza macho. Presha ya macho, daktari alisema. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda kabla sisi hatujajua, kwa sababu mama ni mtu wa kusema "si kitu". Akijikata na panga, si kitu. Ng'ombe akimkanyaga, si kitu. La kulia nalo lilikuwa likijifunga kuanzia pembeni, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba dawa ya matone ingechelewesha tu, isingerudisha kilichopotea. Nililia ndani ya gari pale hospitalini. Mama akaniambia nisiharibu leso nzuri kwa sababu ya macho ya mwanamke mzee.

Nilimuuliza angependa kuona nini wakati bado. Nilidhani atasema kaburi la dada yake kule Kachibora. Akasema anataka kumwona mjukuu wake akiteleza. Kitinda mimba wangu, msichana wa gredi ya kwanza, alikuwa amemwonyesha kwa simu yangu video ya watoto wanaopanda ngazi ndefu, wanakaa kwenye slaidi ya plastiki, wanateleza mpaka chubwi, bwawani. Mama aliisogeza ile simu karibu na pua, akaitazama tena na tena, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Na wewe utaweza?" akamuuliza.

Mtoto huyo anaogopa hata maji ya beseni. Lakini alisema, "Nitaweza, Kukhu, kama utakuwa unaniangalia."

Wakapeana mikono kama wanunuzi wa ng'ombe. Yaani hiyo ndiyo iliyokuwa likizo yetu yote, hakuna kingine: Kukhu amwone mtoto akiteleza, kabla lile jicho halijafunga.

Nilimwambia mume wangu twende sote, mahali pamoja, tumalize. Alishtuka kama nimesema tuuze shamba.

"Mimi na mama yako? Kwa bwawa moja? Mimi nikiwa na kaptura?"

"Vaa suruali."

"Mama watoto, acha mchezo. Nani anaogelea na suruali?"

"Si lazima uogelee! Kaa kando unywe soda."

"Na yeye atakaa wapi? Kando hiyo hiyo? Ati tuangalie watoto pamoja kama watu wamekuja mkutano wa shule? Hapana, bana. Watu wa Bumula wakisikia, watasema niliolewa mimi."

Tulibishana siku kadhaa. Nikamwambia mama hana muda wa kungojea wazee wa Bumula na blanketi lao. Akasema hata yeye linamuuma, lakini adabu ni adabu. Kisha asubuhi moja akaniletea suluhisho huku amejaa tabasamu, ungesema amevuta stima mpaka kijijini. Tugawanye likizo! Mimi na watoto na mama tuanze na hoteli ya Kitale, yeye aende kwao Bumula. Baadaye mama arudi Kwanza, mimi na watoto tuteremke Bungoma, yeye atukute huko. Kila mtu apate bwawa lake na heshima yake. Alisubiri nimpongeze. Nilimwambia nguo zake azipange mwenyewe.

Haya. Tukaenda ya Kitale. Kwenye simu ilikuwa na maji ya buluu, miavuli, watoto wamerushwa hewani wanacheka. Tulipofika, muziki ulikuwa ukipiga kiasi cha kutikisa vioo vya gari, farasi mmoja amefungwa kwenye mti amekonda, nyumba ya kupuliza imelegea upande mmoja, na bwawa halikuwa na maji. Narudia, bwawa halikuwa na maji! Fundi alikuwa amesimama katikati yake na ndoo ya rangi, na chini ya slaidi palikuwa na dimbwi la mvua lenye vyura.

Nilimtafuta msimamizi, kijana wa tai fupi. "Maji iko wapi?"

"Madam, tunarekebisha. Maji itakuja kesho."

"Kesho hiyo ni ya lini? Mbona mlipokea simu yangu mkaniambia karibu?"

"Si mnaweza kufurahia michezo zingine, madam? Kuna farasi."

Wee! Nilimwambia maneno ambayo mwanangu mkubwa, kijana wa gredi ya saba, mpaka leo huyarudia akitaka kunichekesha. Nilimwambia huyo farasi wake anahitaji likizo kuliko sisi. Yule kijana akatabasamu tu, na hakuna kitu kinachoniudhi kama mtu kunitabasamia nikiwa nina haki.

Mama tulikuwa tumemkalisha kwenye kiti kando ya lile shimo kavu, leso mabegani, mikono magotini, kama yuko kanisani. Watoto walikuwa wameshakimbilia kwenye nyumba ya kupuliza, wanapiga kelele. Nilipomrudia bado nikihema, akaniuliza, "Wameingia kwa maji?"

"Mama! Si nimekuambia hakuna maji? Huoni hata fundi yuko ndani?"

"Naam," akasema. "Nilisahau. Si kitu."

Si kitu, si kitu! Siku hiyo hilo neno lilinipandisha mori. Tulilala hapo kwa sababu tulikuwa tumeshaingia, na kesho yake nilikwenda tena kuangalia lile bwawa. Fundi alikuwa amemaliza ukuta mmoja. Kitinda mimba akaja na nguo yake ya kuogelea ya manjano ameshaivaa, akasimama kando yangu, akasema, "Sasa Kukhu ataniona lini?"

Hapo ndipo nilipokata shauri. Nilitupa mizigo ndani ya gari, nikamfungulia mama mlango wa mbele. Alipogundua hatuelekei Kwanza, akashika dashibodi.

"Nirudishe nyumbani. Mkwe wangu yuko huko."

"Yuko, ndiyo. Na bwawa lina maji, nimepiga simu."

"Mwanangu, utatuaibisha."

"Mama, funga mkanda."

Mume wangu nilimwambia tu kwamba tunafika leo; kwamba mama yumo garini, sikumwambia. Ningemwambia, angebaki Bumula akila kuku wa mama yake. Niliendesha gari kwa hasira mpaka mkubwa wangu, huko nyuma, akaniomba nipunguze mwendo. Mama alikaa ametazama dirishani kwa adabu, na tulipokaribia Bungoma akasema, ili tu kuniliwaza nadhani, "Mahindi ya huku mwaka huu ni marefu."

Ilikuwa miwa. Kushoto miwa, kulia miwa, mpaka mwisho wa macho.

"Ni miwa, Mama."

"Najua ni miwa," akasema haraka.

Nilidhani ananitania, na sikuwa na moyo wa utani. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mume wangu.

Ile ya Bungoma ilikuwa hoteli ya watu, lazima niseme ukweli. Maji yalikuwepo, safi, na slaidi ya rangi ya chungwa imepinda kama mkonga, na watoto wamejaa. Nilimtafutia mama kiti kivulini. Wanangu wakavua viatu. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kupumua wakati gari ambalo mume wangu aliazima kwa kaka yake lilipoingia getini, likaegeshwa ng'ambo ya bwawa, upande wa pili kabisa wa slaidi. Akashuka ameshika mpira wa watoto, kofia kichwani, kaptura mpya. Akatembea hatua chache akitabasamu. Kisha akaiona ile leso ya mama, na nawaambia kweli, yule mtu aligeuka kama askari wa gwaride. Mpira ukabaki chini. Mlango wa gari ukafungwa, vioo vikapanda.

Na mama? Macho hana, lakini masikio anayo. Mkubwa wangu alikuwa amepiga kelele, "Baba amekuja!" Mama akainuka, akakamata kiti chake, akakigeuza kielekee ua wa michongoma, akajifunika leso kichwani. Basi hapo wakakaa, mmoja ndani ya gari anatoka jasho, mwingine anatazama miiba. Ukitaka kuiona slaidi lazima utazame upande wa lile gari, na mama hawezi kutazama upande wa lile gari. Gari nalo haliwezi kuondoka, maana basi la kina mama wa kanisa fulani lilikuwa limeingia nyuma yake na kuziba njia, na dereva wake amekwenda kutafuta chakula.

Nilikwenda nikagonga kioo. Kikashuka kidogo, upana wa kidole.

"Umefanya nini sasa?" akanong'ona.

"Toka."

"Siwezi. Haki ya Mungu, siwezi. Na kaptura hii? Unataka nilaaniwe?"

"Mama anapoteza macho, wewe unaniambia habari ya kaptura!"

"Sema polepole. Amekula?"

"Nini?"

"Mama. Amekula? Chukua hii, mwambie anywe soda, kuna joto." Akapenyeza noti kwenye ule upenyo.

Nikarudi kwa mama, ambaye bila kugeuka akaniuliza, "Mkwe wangu amekula? Mpelekee chipsi, amesafiri."

Sasa mimi nikawa mhudumu. Nikabeba chipsi ng'ambo hii, nikabeba soda ng'ambo ile, jua linanichoma utosini, na wale kina mama wa kanisa wameanza kunitazama. Huku kitinda mimba amesimama chini ya ngazi ya slaidi, meno yanagongana kwa woga, na kila mtoto aliyekuja nyuma yake alimpita. Nilimwambia apande. Akatikisa kichwa.

"Kukhu hatazami huku."

"Panda, mama, mimi nakutazama."

"Tulisema Kukhu."

Kisha mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mlima, yale ya Agosti ambayo hayana mzaha, na mlinzi wa bwawa akatangaza kwamba mvua ikianza kila mtu atoke majini. Hapo nikapasuka. Sioni haya kusema. Nilisimama katikati, sahani ya chipsi mkononi, nikapaza sauti mpaka muziki ukapunguzwa.

"Nyinyi wawili mtaniua! Mmoja amejifungia kama mwizi, mwingine anahesabu miiba! Mtoto anatetemeka pale kwa sababu ya heshima yenu! Heshima gani hii isiyomhurumia mtoto? Jicho likishafunga, mtaligawana nalo, nusu Kitale, nusu Bungoma?"

Kina mama wa kanisa wakaangalia soda zao. Mama akaninyooshea mkono, lakini mkono ulikwenda pembeni yangu, ukashika hewa, ukatafuta, ndipo ukapata sketi yangu. Nikaona na bado sikuelewa. Hasira ni kitu kibaya.

"Inama," akasema. Nikainama. "Mwambie atoke kwa gari."

"Hataki, Mama. Anasema haya iko kwa macho."

"Ni kweli. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, kama bibi yako alivyonifundisha mimi. Kwa simu tunaongea vizuri kwa sababu simwoni." Akanivuta karibu zaidi. "Sasa nenda umwambie simwoni. Hata wewe sikuoni. Siwaoni tangu ile wiki ya mvua ya mawe."

Mvua ya mawe ilipiga mahindi yetu Julai. Nilikumbuka ile miwa. Nilikumbuka amekaa kando ya bwawa kavu akiuliza kama watoto wameingia kwa maji, na mimi nikamjibu vile nilivyomjibu.

"Mbona hukusema?" Nikamshika mabega. "Mama, mbona hukusema? Sasa tumekuja kufanya nini huku kote?"

"Ungeahirisha. Mtoto alikuwa ameahidiwa."

Sijui nilifikaje kwenye gari. Sikugonga kioo, nilifungua mlango. Nilimwambia mume wangu hivyo hivyo, kwa maneno ya mama, na nilitaka yamwume, nasema kweli, nilitaka yamwume sana. Alikaa ameshika usukani wa gari lisilokwenda popote. Kisha akavua kofia, akajifunga taulo kubwa juu ya ile kaptura kama mtu aliyevaa shuka, akatoka. Alizunguka bwawa taratibu. Alipomkaribia mama akasimama nyuma ya kiti, si mbele, na akakohoa kama anavyokohoa simu ikipokelewa.

"Mama," akasema. "Habari ya Kwanza?"

"Kwanza ni salama, mwanangu. Nigeuze."

Akashika kiti na mama akiwa juu yake, akakigeuza chote kikaelekea majini. Nikampungia mtoto apande. Alipanda. Kila ngazi alitazama nyuma, na alipofika juu kabisa akakaa, akashika kingo kwa mikono miwili, nguo yake ya manjano inaonekana kutoka kila mahali, na akapiga kelele:

"Kukhu! Unaniona?"

Mama akainua uso, lakini aliuelekeza upande wa jikoni ya hoteli.

"Kulia kidogo, Mama," mume wangu akasema kwa ile sauti yake ya simu. "Juu zaidi. Hapo hapo. Amevaa manjano. Sasa ameinua mkono."

Mama akainua wake. "Nakuona!" akaita. "Wewe si ndiye wa manjano?"

Mtoto akacheka, akajiachia. Tulisikia chubwi. Alipoibuka alikuwa anakohoa maji na nywele zimemziba uso, na neno la kwanza lilikuwa, "Umeniona, Kukhu?"

"Nimekuona mzima mzima!" mama akasema, na wale kina mama wa kanisa wakapiga vigelegele bila kujua ni vya nini.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na taulo la mtoto mkononi. Nilikuwa na hasira na kijana wa tai fupi na bwawa lake, na wazee wa Bumula na Disemba zao, na mume wangu na suluhisho lake, na mama kwa kila "si kitu" aliyowahi kuniambia. Nilitaka mtu anisikilize. Hapakuwa na mtu mwenye nafasi. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka moja moja, mlinzi anapuliza filimbi, mtoto amejifanya hasikii, ameshashika ngazi tena, na mama ameegemeza kichwa nyuma ambako mkwe wake amesimama, anamuuliza:

"Sasa amefika wapi?"